Jaribio Lililopita Linyamaze

Najua nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Leo nimerudi na hasira ndogo, na hasira ndogo ndiyo huzaa makala ndefu, kwa hivyo chukueni kikombe cha chai kabisa.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu iliyopita nilifika kazini, nikavuta mabadiliko mapya ya mradi wetu, nikaendesha majaribio kama kawaida. Nilitarajia vile vinukta nilivyozoea na mstari mmoja wa kijani mwishoni. Badala yake skrini ikaanza kufurika kama Mto Tana wakati wa masika. INFO, DEBUG, DEBUG, INFO, WARNING, DEBUG, mpaka macho yakauma. Ilipotulia nikaona kwamba yote yamepita. Nikayaelekeza matokeo kwenye faili nikahesabu mistari: zaidi ya 8,000, kwa majaribio 300 na kitu, na hakuna hata moja lililoanguka. Mistari elfu nane ya kuniambia kwamba hakuna neno!

Mkosaji hakujificha. Mwenzangu ninayekaa naye dawati moja (nitamwita Jirani) alikuwa ameongeza haya kwenye faili ya mipangilio ya pytest, ile inayotumiwa na kila mtu kwenye mradi:

    addopts = -s
    log_cli = true
    log_cli_level = DEBUG

Nikamuuliza, "Jirani, kwani umetufungulia mfereji?" Akacheka. "Ndugu yangu, mimi nataka kuona kila kitu programu inachofanya. Wewe unaogopa kusoma?"

Tukabishana mpaka saa ya chakula, na baada ya chakula tukaendelea. Sikumaliza niliyokuwa nayo, ndiyo maana naandika. Msimamo wangu nautaja mapema ili asiyeutaka aende zake: jaribio likipita, linyamaze kabisa. Likianguka, liseme kila kitu. Na kama kuna ujumbe wa logi ambao ni lazima mtu auone hata jaribio likipita, basi jaribio hilo halijakamilika, rudi ukalimalize.

Kwanza, kwa wale wasiofanya kazi hii

Programu kubwa huandamana na programu nyingine ndogo ndogo ambazo kazi yake ni kuijaribu. Kila moja huiita sehemu fulani, huipa data ya mfano, kisha hukagua jibu: nilitarajia 5000, nimepata 5000, sawa, nenda mbele. Hayo ndiyo majaribio ya kiotomatiki. Tunayaendesha mara nyingi kwa siku kwenye tarakilishi zetu, na seva huyaendesha tena kila mtu anapotuma msimbo mpya.

Logi nazo ni shajara ya programu. Programu inapofanya kazi huandika: saa fulani nimepokea ombi, saa fulani nimefungua hifadhidata, saa fulani nimeshindwa kufika kwenye seva ya pili. Kila mstari una cheo chake. DEBUG ni porojo za fundi, INFO ni habari za kawaida, WARNING ni onyo, ERROR ni kosa. Konsoli ni lile dirisha la maandishi meupe juu ya weusi ambalo kwenye filamu hutumiwa na wadukuzi na kwenye maisha ya kweli hutumiwa na sisi maskini.

Swali ni moja tu: majaribio yanapoendeshwa, je, shajara hiyo imwagwe yote kwenye dirisha hilo? Jirani anasema ndiyo. Mimi nasema hapana, na sababu yangu si usafi wa skrini.

Kwa nini jambo hili linaniuma

Miaka mitatu iliyopita nilifanya kazi katika kampuni ndogo hapa Nairobi. Tulikuwa tunazitengenezea shule mfumo wa kupokea karo kwa simu. Mzazi analipa, huduma ya malipo inatutumia taarifa kwenye seva yetu, nasi tunaongeza kiasi hicho kwenye akaunti ya mwanafunzi. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya malipo anajua kwamba taarifa moja inaweza kuja mara mbili. Mtandao unakatika katikati, aliyetuma hakupata jibu, anatuma tena. Hilo si kosa lake. Ni kazi ya anayepokea kutambua kwamba risiti hii ameshaiandika.

Mimi ndiye niliyeandika sehemu hiyo. Niliandika hivi: kama risiti ipo tayari, weka onyo kwenye logi. Halafu nikasahau kuandika `return`. Kwa hivyo programu ilikuwa inaonya vizuri sana, kisha inaendelea kuandika malipo kwa mara ya pili.

Jaribio nililiandika pia. Lilituma taarifa ileile mara mbili na kukagua kwamba seva imejibu 200, yaani nimepokea. Ilijibu 200 zote mbili. Jaribio likapita.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo hoja ya Jirani inapofia. Mradi ule ulikuwa unamwaga logi zote kwenye konsoli, vilevile anavyotaka yeye. Na kila tulipoendesha majaribio, mahali fulani katikati ya maelfu ya mistari, mistari hii mitatu ilipita mbele ya macho yetu ikifuatana:

    INFO malipo yameandikwa: 5000
    WARNING risiti ipo tayari
    INFO malipo yameandikwa: 5000

Mtoto wa darasa la nne angeisoma na kuuliza, mbona imeandikwa tena? Ilipita mbele yetu kila siku kwa karibu miezi miwili. Tulikuwa watu watano. Hakuna aliyeiona, wala mimi mwenyewe niliyeiandika.

Wakati wa kufunga muhula mhasibu wa shule moja alilinganisha mfumo wetu na taarifa ya benki, hesabu zikakataa. Baadhi ya wazazi walikuwa wameambiwa na mfumo kwamba hawana deni, kumbe wamelipa nusu. Shule ikaandika barua za kudai. Mama mmoja akapanda matatu mpaka ofisini kwetu akiwa na karatasi mbili: risiti ya mfumo iliyosema karo imekwisha, na barua ya shule iliyosema mtoto asirudi bila salio. Zote mbili zilikuwa na jina la mtoto wake. Nikatumwa mimi kumweleza, kwa kuwa msimbo ulikuwa wangu. Alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiki kitu chenu hamkukijaribu kabla ya kukileta?"

Nikamwambia tulikijaribu, mama. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kwa hivyo mtu akiniambia "kuona ni kuamini", namjibu kwamba sisi tulionyeshwa na hatukuona. Wahenga walisema kelele za mlango haziniwasi usingizi. Mlango unaolia kila usiku humwamshi tena mwenye nyumba, hata siku anapouingilia mwizi. Mtaani kwetu gari likilia king'ora saa nane usiku, hakuna anayeamka kuangalia, kwa sababu king'ora hicho hulia hata paka akiruka juu ya boneti. Logi za majaribio yaliyopita ni king'ora hicho. Tatizo si uvivu wa kusoma. Binadamu hawezi kusoma mistari 8,000 mara kumi kwa siku, na anayesema anaweza anajidanganya.

Mngenipa mstari mmoja tu wa ukaguzi, `assert mwanafunzi.jumla_iliyolipwa() == 5000`, kosa lile lisingeishi hata nusu saa.

Watengeneza zana waliliona zamani

Jirani anasema mimi naleta mtindo wangu. Haya, tuangalie zana zenyewe.

Majaribio ya Perl ya kwanza kabisa, iliyotoka 1987, yaliandika `ok` na namba, au `not ok` na namba. Basi. Kwenye Go, ukiandika `go test ./...` kifurushi kilichopita hupewa mstari mmoja wenye neno `ok`, na maneno uliyoandika kwa `t.Log` hayaonekani mpaka jaribio lianguke au uombe mwenyewe kwa `-v`. Rust ni vivyo hivyo: `cargo test` hukinga maneno ya majaribio yaliyopita, na anayeyataka huongeza `--nocapture`. Gradle kwenye Java haimwagi maneno ya majaribio kwenye konsoli. Huyahifadhi kwenye ripoti, na ukiyataka unaomba. ExUnit ya Elixir ina mpangilio wa `capture_log` unaochapisha logi za jaribio lililoanguka tu.

Watu hawa hawakukaa kikao kimoja. Wengine hata hawapendani! Lakini kila mmoja kwa njia yake amefika palepale.

Wapo walioamua vingine. Jest ya JavaScript huchapisha kila `console.log` tena huongeza na mahali ilipotoka, mpaka uiambie `--silent`. `unittest` ya Python nayo humwaga kila kitu usipoipa `-b`, ambayo huweka maneno pembeni na kuyatoa jaribio likianguka. Django iliongeza `--buffer` kwa kazi hiyohiyo katika toleo la 3.1, mwaka 2020. Maana yake ni kwamba hata pale mwanzo ulipokuwa wa kelele, watu walichoka wakaomba kifuniko.

Na pytest, zana tunayogombania, inafanya kazi hii vizuri kuliko wengi wanavyojua. Kabla ya jaribio kuanza, huelekeza mikondo ya kutolea maneno kwenye faili ya muda, kama mtu anayekinga maji ya paa kwa ndoo. Pia hujiunga na mfumo wa logi wa Python na kuzikinga logi peke yake. Hii ya logi ilikuwa nyongeza ya pembeni mpaka toleo la 3.3, mwaka 2017, lilipoiingiza ndani. Jaribio likipita, ndoo inamwagwa nje kimyakimya. Likianguka, unaletewa ndoo nzima chini ya ripoti ya kosa, ikiwa na vichwa vyake: maneno yaliyochapishwa hapa, logi hapa. Unasoma mistari ishirini ya jaribio moja, badala ya kupekua elfu nane za majaribio yote.

Jirani alikuwa na malalamiko moja ya haki: "Lakini jaribio likianguka pytest hainionyeshi INFO zangu!" Nikamwonyesha. Si pytest inayoficha. Logi ya Python yenyewe, usipoipanga, huanzia WARNING, kwa hivyo INFO haikuandikwa kabisa na hakuna cha kukinga. Dawa yake ni mstari mmoja:

    log_level = DEBUG

Hapo ndoo inajaa kila kitu, na konsoli inabaki kimya mpaka kuwe na kosa. Hiki ndicho alichokuwa anakitafuta. Alifungua mfereji wa nyumba nzima kwa sababu hakujua bomba liko wapi, na siwezi kumlaumu sana, hata mimi nilichukua muda kulijua.

Dhambi ya pili, na hii pia ni yangu

Kabla hamjanipigia makofi, ngoja niungame. Baada ya aibu ya karo tulikasirika, na mtu mwenye hasira hukata mti mzima kwa sababu ya tawi. Tuliandika kwenye mipangilio ya majaribio:

    logging.disable(logging.CRITICAL)

Yaani nyamaza kabisa, hata kama nyumba inaungua. Konsoli ikawa safi kama sahani ya mgeni. Tukafurahi.

Mwezi mmoja baadaye likatokea jaribio linaloanguka mara moja moja tu, kwenye seva, usiku. Kwenye mashine zetu lilipita kila mara. Tukaenda kusoma ripoti: nilitarajia 3, nimepata 2. Basi. Hakuna shajara, hakuna hata mstari wa kuonyesha ni hatua gani iliyorukwa, kwa sababu tulikuwa tumemziba programu mdomo kabla hajazungumza. Tulikesha siku kadhaa tukikisia. Tulipoondoa mstari ule, likaanguka tena usiku mmoja, na logi ikatuonyesha asubuhi yake kwamba kazi mbili zilikuwa zinagombania rekodi moja. Dakika kumi tu tukawa tumelitengeneza.

Kwa hivyo ninaposema linyamaze simaanishi lizibwe mdomo. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayenyamaza huku akiweka kumbukumbu na mtu aliyekatwa ulimi. Wale wanaojisifu kwamba "majaribio yetu hayana logi kabisa" wanafanya kosa sawa na Jirani, ila wameliingilia mlango wa nyuma. Wote wawili, siku ya msiba, hawana cha kusoma: mmoja ana maneno mengi mno, mwingine hana hata moja.

Onyo likiwa muhimu, ligeuze kuwa sharti

Hapa ndipo moyo wa makala hii. Swali la kweli si "nione au nisione". Swali ni: nani anakagua? Ukimwachia jicho, jicho litachoka. Mwachie mashine, hiyo haichoki.

Ile hadithi ya karo, jaribio lake lingekuwa hivi:

    def test_taarifa_ya_pili_haihesabiwi(caplog, mwanafunzi):
        pokea(taarifa)
        pokea(taarifa)
        assert mwanafunzi.jumla_iliyolipwa() == 5000
        assert "risiti ipo tayari" in caplog.text

`caplog` ni ile ndoo ya logi, pytest inakukabidhi uichungulie ndani ya jaribio. Mstari wa kwanza wa `assert` unalinda pesa ya mzazi. Wa pili unahakikisha kwamba onyo limeandikwa kweli, ili siku ya shida mhudumu wa seva aweze kulitafuta. Watumiaji wa `unittest` wana `assertLogs` tangu Python 3.4, na tangu 3.10 wana `assertNoLogs`, ambayo huanguka kama kuna logi iliyoandikwa pale ambapo hukutarajia. Hii ya mwisho naipenda sana. Badala ya kukaa ukitazama skrini ukiombea usione onyo, unaandika: hapa pasiwe na onyo. Likitokea, jaribio linaanguka na kila mtu anajua.

Sisemi mkague kila mstari wa logi. Mkifanya hivyo, siku mtu akirekebisha tahajia ya ujumbe majaribio hamsini yataanguka na mtanitukana. Kagueni maonyo yanayobeba maana: malipo yaliyorudiwa, mtu aliyekataliwa kuingia, data iliyotupwa. Zilizobaki ziacheni ndani ya ndoo.

Kuna anayesoma logi zenu zaidi yenu

Jambo hili watu hulisahau. Majaribio yanapoendeshwa kwenye seva, kinachomwagwa kwenye konsoli hakipotei. Kinahifadhiwa, na mara nyingi kinasomwa na watu wengi kuliko msimbo wenyewe. Kwenye mradi ulio wazi, yeyote mwenye akaunti anaweza kukifungua.

Machi 2025 kitendaji kimoja cha GitHub Actions kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichokuwa kikitumiwa na miradi zaidi ya 23,000, kiliingiliwa na wavamizi. Msimbo wao ulichomoa siri kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine na kuziandika wapi? Kwenye logi za kazi, zikiwa zimefungwa kwa base64 mara mbili ili ule ulinzi unaogeuza siri kuwa nyota usizitambue. Kwenye miradi iliyo wazi, kilichobaki kilikuwa kupita na kuokota. Nakiri, majaribio yenye kimya yasingezuia uvamizi ule. Lakini wavamizi walichagua logi kwa sababu wanajua logi ni mahali palipo wazi ambapo hakuna anayeangalia. Sisi wenyewe tunaandika hapo vichwa vya maombi vyenye funguo, namba za simu, namba za vitambulisho, halafu tunaweka `log_cli_level = DEBUG` na kwenda nyumbani.

Na msiniambie "ni data ya majaribio tu". Wangapi kati yenu wamechukua rekodi mia moja za wateja wa kweli ili majaribio yawe na uhai? Mkono juu. Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sheria hiyo haina kifungu kinachosema namba ya simu ya mteja si ya mteja ikiwa ndani ya faili ya majaribio. Dawa ya kwanza ni kutumia data ya kubuni. Dawa ya pili ni kutoimwaga hata hiyo.

Pale ninapokubaliana na Jirani

Si kwamba Jirani hana hoja yoyote. Jaribio likikwama bila kumaliza, pytest haipati nafasi ya kukuletea ndoo. Seva ikichoka kusubiri inaua kazi nzima, na logi zilizokingwa zinakufa nazo. Siku hiyo, endesha jaribio hilo moja kwa mkono ukiwa na `-s` au `-o log_cli=true`, utazame mahali linaposimama. Au weka `faulthandler_timeout`, ambayo baada ya sekunde utakazotaja huchapisha kila uzi ulipokwama. Go nayo, muda ukiisha (kawaida yake ni dakika 10), hukutolea hali ya kila gorutini kabla ya kufa.

Vilevile ukiwa unachunguza kosa, tazama utakavyo, ni skrini yako. Ila jua kwamba ukiweka `breakpoint()` pytest huacha kukinga yenyewe, `-s` haihitajiki. Na ukigawa majaribio kwenye michakato kadhaa kwa pytest-xdist, `-s` haifanyi kazi kabisa, kwa hivyo anayeitegemea amejifunga asiweze kuharakisha majaribio yake.

Ninachokataa ni kitu kimoja: kuchukua dawa ya siku ya ugonjwa na kuitia kwenye sufuria ya kila mtu. Bendera unayoiandika mwenyewe kwenye mstari wa amri ni yako. Ukiiweka kwenye faili ya mradi, umetulazimisha sote.

Mwisho wa mabishano

Alhamisi tulikaa tena na Jirani. Tukaondoa mistari yake mitatu, tukaweka `log_level = DEBUG`. Kisha nikamwomba tuifungue ile faili ya mistari 8,000 tutafute neno WARNING. Tukazipata za aina kumi na nne. Kumi na moja zilikuwa za kawaida, majaribio yanayochokoza makosa kwa makusudi. Mbili zilikuwa mipangilio iliyosahaulika. Ya mwisho ilisema kwamba muda wa kusubiri jibu la benki haukuwekwa na kwamba programu itasubiri bila kikomo. Mstari huo ulikuwa umepita kwenye skrini ya Jirani kila alipoendesha majaribio tangu afungue mfereji wake.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa, hii niandikie jaribio."

Nikamwambia aandike yeye. Ameliandika, tena zuri kuliko ningeliandika mimi. Bado anashikilia kwamba mimi napenda skrini tupu kupita kiasi, na huenda ana haki. Lakini leo asubuhi nimevuta mabadiliko, nikaendesha majaribio, nikapata vinukta vyangu na mstari mmoja wa kijani, na kwa mara ya kwanza wiki hii nimeuamini.

Kama unapinga, niandikie hapa chini. Ila kwanza fungua logi za majaribio yako, tafuta neno WARNING, uhesabu. Halafu njoo tubishane ukiwa na hesabu hiyo mkononi.